Viungo vya Neno la Kinorwei

Wanorwei huandika lugha yao kwa namna mbili rasmi, Bokmål na Nynorsk, na kila moja ina kamusi yake. Ya Bokmål ilitoka mwaka 1986, na jina lake ni neno moja lisilo na pengo: Bokmålsordboka. Mgeni akiliona hudhani mchapaji alisahau kuacha nafasi. Tulifungue taratibu. Bok ni kitabu. Mål, ambayo å yake husikika karibu na o yetu, hapa ni lugha. Ord ni neno. Bok inarudi, na bado ni kitabu. Herufi a iliyo mkiani inaonyesha kwamba inatajwa kamusi ile inayojulikana, si kamusi yoyote. Imebaki s iliyokaa katikati. Hiyo haitaji kitu wala haihesabu kitu. Ipo ili kuonyesha mahali neno linapogawanyika: kushoto kuna bokmål, lugha ya vitabu, kulia kuna ordbok, kitabu cha maneno. Vipande vinne vimelala mstari mmoja, lakini havikuungwa vyote vinne kwa mkupuo. Viliungwa viwili viwili, kisha jozi zikakutanishwa, na s imesimama pale zilipokutana.

Hapo ndipo penye ufundi. Watu wakitaka kukushangaza kuhusu Kinorwei hukuletea neno refu, na linalotajwa sana ni minoritetsladningsbærerdiffusjonskoeffisientmålingsapparatur, lenye herufi 60, jina la mtambo wa vipimo katika maabara ya fizikia. Ni la kuwachekesha wageni mezani, basi. Urefu wenyewe si kazi ngumu. Anayejua kuunga vipande viwili anaweza kuunga kumi. Kinachostahili kutazamwa kwa subira ni namna viwili hivyo vinavyoshikana.

Kwanza, kipande cha mwisho ndicho chenye kauli. Hus ni nyumba, båt ni mashua. Husbåt ni mashua ambayo watu wanaishi ndani yake. Båthus ni banda la kuhifadhia mashua. Ku ni ng'ombe jike na melk ni maziwa: kumelk inanywewa, melkeku anakamuliwa. Sisi kwa Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe kisha tukafuatisha maelezo, na tuna kiunganishi kinachovaa ngeli ya kilichotangulia, mashua ya, banda la, kwa hiyo msikilizaji hapotei njia. Mnorwei ndani ya neno lake hana ya wala la. Anaegemea mpangilio, na jinsia ya kisarufi inayotoka kwenye kipande cha mwisho peke yake: husemwa en båt, kwa hiyo en husbåt, husemwa et hus, kwa hiyo et båthus. Kipande cha mbele hata kiwe kirefu mara tano hakiulizwi. Wingi nao huning'inia mwishoni. Msikilizaji avumilie mpaka silabi za mwisho ndipo ajue anaambiwa habari za kitu gani.

Neno land, yaani nchi, linatosha kuwa darasa zima la viungo. Landbruk ni kilimo: land imegusana na bruk, matumizi, na katikati hakuna kitu. Landsby ni kijiji: by ni mji, na s imeingia kati. Landeplage ni kero iliyoenea kila mahali, kwa kuwa plage ni kero, na safari hii kilichoingia ni e. Siku hizi neno hilo hutumika zaidi kwa wimbo unaopigwa redioni mpaka watu wanautapika. Neno moja la mbele, viungo vitatu. Dag, siku, hufanya vilevile: dagbok ni kitabu cha kumbukumbu za kila siku, dagslys ni mwanga wa mchana, na mtu akingoja dagevis amengoja siku kadhaa. Mtoto wa Oslo au wa kijiji cha Telemark hakufundishwa orodha. Amesikia, akashika, na ukimkosea kiungo atakwambia kwamba haisikiki vizuri, ingawa ukimuuliza sababu atabaki anakutazama.

Asili ya viungo hivyo inajulikana. Ile s ni mwisho wa zamani wa umilikishi, na e nyingi ni mabaki ya miisho ya kale iliyochakaa. Katika barnehage, chekechea, ambayo kipande kwa kipande ni bustani ya watoto, e ya katikati ni masalia ya umilikishi wa wingi kutoka Kinorwei cha kale. Kuna majina ambamo umilikishi bado unanusika. Mji wa Kongsberg, ulioanzishwa mwaka 1624 na mfalme Christian wa Nne kwa ajili ya migodi ya fedha, ni mlima wa mfalme, na s yake bado inammilikisha mfalme kitu. Lakini katika Bokmålsordboka s haimmilikishi mtu yeyote. Maana imesuguliwa na karne, kikabaki kiungo kitupu, na lugha ikakikuta kinafaa kwa kazi nyingine.

Kuna mielekeo ambayo mwanafunzi anaweza kuishika. Maneno yanayoishia kwa -het, -skap, -dom na -sjon karibu yote hudai s. Kupigania uhuru ni frihetskamp kwa Bokmål. Kwa Nynorsk, ambayo mwasisi wake Ivar Aasen hakutaka ile -het iliyoingia kupitia Kidenmaki na Kijerumani, uhuru ni fridom na mapambano yake ni fridomskamp. Wamegombana kuhusu neno, kiungo hakikuguswa. Aasen huyo alizaliwa mwaka 1813 shambani Ørsta, akazunguka nchi kuanzia 1842 hadi 1846 akisikiliza jinsi watu wa vijijini wanavyosema, kisha akatoa kamusi mwaka 1850 na nyingine kubwa zaidi mwaka 1873. Kazi yake nyingi ilikuwa ya kusikia tu, na asingeweza kuifanya akiwa ofisini. Na mtego ambao wenyeji wenyewe huanguka ndani yake ni ungdomsskole, shule ya vijana: s mbili zimekaa pamoja, moja ni kiungo, ya pili ni mwanzo wa skole. Sikio linasikia moja. Mkono usiojua viungo huandika moja.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kile s inachofanya neno la mbele likiwa lenyewe tayari ni ambatani. Glasi ya mvinyo ni vinglass, bila kiungo. Ukitaka glasi ya mvinyo mwekundu, unapata rødvinsglass, na s imetokea. Haikuwepo kati ya vin na glass. Imekuja kwa sababu rød na vin zimeshikana kwanza, na kiungo kinatangaza kwamba shughuli ya upande wa kushoto imekwisha. Taa ya mezani ni bordlampe. Taa ya meza ya kuandikia ni skrivebordslampe. Sasa linganisha et rødvinsglass na et rødt vinglass. La kwanza ni glasi ya kunywea mvinyo mwekundu, hata kama glasi yenyewe ni ya kijani. La pili ni glasi ya mvinyo iliyo nyekundu, hata kama umeijaza maji. Mwanahisabati angetumia mabano hapo. Mnorwei ametumia herufi moja, na anaitumia akiwa anafungua chupa, bila kufikiri.

Tusidanganyane: kanuni ina matundu. Fotball, kandanda, ni foot na ball za Kiingereza zilizovalishwa Kinorwei, na mechi yake ni fotballkamp bila s yoyote. Tena s haionyeshi daima mpasuko mkubwa kuliko yote. Mwaka 2018 Baraza la Lugha la Norwei, Språkrådet, lilichagua skjebnelandsmøte kuwa neno la mwaka. Chama cha Kikristo, Kristelig Folkeparti, kilikuwa kimeitisha mkutano mkuu wa dharura kuamua kiegemee kambi ipi ya siasa, na hatima yake ilikuwa mezani. Skjebne ni hatima. Landsmøte ni mkutano mkuu wa taifa. Ukilikata neno hilo kwenye s utapata mkutano wa nchi ya hatima, jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Ile s ilikuwemo ndani ya landsmøte tangu zamani, na skjebne imekuja kubandikwa mbele kavukavu. Msomaji analijua hilo kwa sababu landsmøte ameshalizoea kama kitu kimoja. Kwa hiyo kiungo ni ishara, si amri, na anayesoma huleta uzoefu wake wa maneno yote aliyokwisha kuyasikia.

Ukisikiliza, mambo yanageuka. Neno ambatani la Kinorwei kwa kawaida hubeba mkazo mkuu mmoja, nao hukaa kwenye kipande cha kwanza. Kipande cha pili hubakiwa na mkazo mdogo. Juu ya yote hupita wimbo mmoja, kwa maana lahaja nyingi za Kinorwei zina toni mbili za maneno: bønder, wakulima, na bønner, maharage, hutamkwa sawasawa kwa wengi, na kinachoyatenga ni mpando na mshuko wa sauti. Hivyo sauti hukipa uzito kipande cha mbele, wakati sarufi yote inakaa kwenye kipande cha nyuma. Sikio linavutwa huku, akili inavutwa kule, na neno linashikwa imara na mvutano huo. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, mwanafunzi, mwananchi, kwa hiyo ni vigumu kidogo kulihisi jambo hili mpaka ulisikie likisemwa.

Na hapo unaelewa kwa nini Wanorwei hukasirikia nafasi. Kosa la kulitenganisha neno ambatani wanaliita særskriving, na mabango ya dukani yamelipatia umaarufu. Lammelår ni paja la mwanakondoo; ukiandika lamme lår unauza mapaja yaliyopooza. Ananasbiter ni vipande vya nanasi. Ananas biter ni taarifa kwamba nanasi linauma. Stekt kyllinglever ni maini ya kuku ya kukaanga, na stekt kylling lever inadai kwamba kuku aliyekaangwa yu hai. La hatari ni røykfritt, mahali pasipo moshi, ambalo likitenganishwa, røyk fritt, linakuwa ruhusa ya kuvuta sigara upendavyo. Wengi hukilaumu Kiingereza, ambacho huacha nafasi kati ya maneno yanayoambatana. Iwe ni hivyo au la, tazama hasa kilichovunjika. Katika lammelår sauti inapita mara moja, mkazo mmoja, wimbo mmoja. Katika lamme lår kuna mikazo miwili kamili. Mwandishi wa bango hakukosea tahajia tu. Ameandika wimbo ambao yeye mwenyewe asingeuimba. Mwulize alisome bango lake kwa sauti na atalisoma kama neno moja.

Silabi ni habari nyingine. Silabi ya Kinorwei yenye mkazo lazima iwe nzito: ama irabu iwe ndefu, ama konsonanti inayofuata iwe ndefu. Tak, yenye irabu ndefu, ni paa. Takk, yenye k iliyokazwa, ni asante. Uandishi unaonyesha tofauti hiyo kwa kurudufu herufi. Pia silabi hii haiogopi msongamano. Kiswahili hupenda kila silabi iishie kwa irabu, na neno la kigeni likija na konsonanti mbili tatu huwa tunalitafutia irabu za kulisaidia. Kinorwei kinaanza silabi kwa skr na kuimalizia kwa ngst bila kutoka jasho. Yakikutana maneno mawili ya aina hiyo linapatikana angstskrik, ukelele wa hofu: angst na skrik. Kati ya irabu ya kwanza na ya pili kuna konsonanti saba kwa maandishi, n, g, s, t, s, k, r, ingawa sauti ni sita kwa kuwa ng hapo ni moja, kama ile ya ng'ombe. Neno hilo linasemeka kwa sababu moja tu: msemaji anajua kiungo kiko wapi. Ngst zote ni za silabi ya kwanza, skr zote ni za pili. Asiyejua mahali pa kiungo hana pa kuvutia pumzi.

Wakati mwingine ulimi hukifunika kiungo. Vårsol, jua la masika, ni vår na sol. Mtu wa Oslo akilitamka, r na s zinayeyuka na kuwa sauti moja inayofanana na sh yetu, na mpaka kati ya maneno mawili unamezwa ndani ya konsonanti moja. Mtu wa Bergen, ambaye r yake hutoka kooni, hawezi kuyeyusha namna hiyo. Kwake r inabaki r, s inabaki s. Neno lilelile, mashariki limezibwa na magharibi limeachwa wazi, na wote wawili wakiliandika wanaandika herufi zilezile.

Mahali ambapo ujuzi wa viungo hauwezi kufichwa ni mwisho wa mstari, hasa katika safu nyembamba za gazeti. Sisi hukata baada ya irabu tukaendelea, mwa-na-fu-nzi, tukichunga tu tusizitenganishe nz au mb. Kinorwei kwa maneno ya kawaida kina njia mbili zinazokubalika: hesten, yaani farasi yule, linaweza kukatwa hes-ten, kwa kufuata silabi, au hest-en, kwa kufuata sehemu za neno. Lakini neno likiwa ambatani, kiungo ndicho kinachotawala, na ile s ya kati hubaki juu pamoja na kipande cha mbele. Bildeler ni vipuri vya gari, bil na deler, nayo hukatwa bil-deler. Jicho linalokimbia huona bilde kwanza, yaani picha, na mkata mistari mzembe atamletea msomaji picha isiyokuwepo, kisha silabi iliyobaki ikaning'inia bila maana.

Na kuna hili, ambalo nalo ni zuri. Fjell ni mlima, landskap ni mandhari. Zikiungana zingezaa l tatu mfululizo, na Kinorwei hakiandiki konsonanti tatu zinazofanana, kwa hiyo moja inaondolewa: fjellandskap. Busstopp, kituo cha basi, ni buss na stopp iliyopoteza s moja. Nattog, treni ya usiku, ni natt na tog. Lakini neno likiangukia mwisho wa mstari na kukatwa kwenye kiungo, herufi iliyoondolewa inarudishwa: fjell- juu, landskap chini, buss- juu, stopp chini. Kumbe haikuwa imepotea. Kila aliyeandika nattog alikuwa na t tatu kichwani, akaandika mbili kwa sababu za macho. Wahariri wa michezo hukutana na jambo hili kila msimu, kwa kuwa timu ya taifa ya mpira wa mikono ya wanawake, iliyochukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008, 2012 na 2024, kwa Kinorwei ni håndballandslaget: hånd, ball, lands, lag, na et ya umahususi. Unaweza kulikata mahali kadhaa. Mhariri mwenye mkono mzuri atapenda kukata katikati ya håndball na landslaget, kwenye mpasuko mkubwa, na atakumbuka kuirudisha l.

Kompyuta imeisumbukia kazi hii. Mwaka 1983 Frank Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, alimaliza tasnifu juu ya kukata maneno kwa ruwaza za herufi: baadhi ya ruwaza huruhusu kukata, nyingine huzuia, na yenye nguvu zaidi hushinda. Kwa Kiingereza alitumia ruwaza 4447, zikapata takriban asilimia 89 ya mahali panapofaa kukatwa. Ni kazi ya kuheshimika, na njia yake ilienea kwa lugha nyingi, Kinorwei kikiwemo. Ila Kinorwei huzaa ambatani mpya kila asubuhi. Mwaka 2019 neno la mwaka lilikuwa klimabrøl, ngurumo ya tabianchi, na hapana shaka kuna mengine yaliyoundwa leo jikoni kwa mtu na hayatasikika tena kesho. Orodha haiwezi kuyatangulia. Na kwa fjellandskap haitoshi programu kuweka kistari. Lazima iongeze herufi ambayo haimo ndani ya neno lililoandikwa, na ijue kwamba haipaswi kufanya hivyo kwa neno lingine lenye l mbili za kawaida.

Kuna kistari kimoja ambacho hakihitaji mwisho wa mstari, nacho hukaa kwenye ratiba za mabasi nchi nzima: søn- og helligdager. Søndager ni Jumapili, helligdager ni sikukuu, og ni na. Kwa kuwa yote mawili yanaishia kwa dager, siku, la kwanza limeacha kipande chake cha mwisho, na kistari kimebaki kikishikilia nafasi. Abiria anasoma søn-, nusu ya neno ambayo peke yake haimwambii kitu, anavuka og, anapita hellig, na dager inapofika inayakamilisha maneno yote mawili kwa pamoja, lililo karibu na lililokuwa likisubiri nyuma.